Kama Barabara Haijakatika

Makanyagio, Jumanne mchana

Skola mama yangu,

Kichwa hakiniumi. Naanza na hilo nisije nikaogopa katikati nikaliruka. Asubuhi mlipotaka tuondoke wote, wewe na baba yako, twende Kibaoni ukaage kaburi la bibi yako, nilijifunga kitenge kichwani nikasema nyie tangulieni, mimi kichwa kinapasuka. Ukanigusa paji la uso. Ukaniletea dawa na kikombe cha maji ukaviacha hapa mezani. Mlipokata kona tu nikafungua kitenge. Dawa ipo, maji yapo, na mimi nimekaa navyo hapa kama mwizi aliyekaribishwa chai.

Leo ni wiki ya tatu hatusemezani vizuri, na kesho saa kumi na moja alfajiri unapanda basi. Maneno yangu ya mdomoni unayajua, yanatoka na pilipili hata pale ninapotaka yatoke na asali. Ndiyo maana nimechukua daftari. Habari za sweta, za kula, za kutunza pasipoti, sikuandikii. Shangazi zako wamekuimbia hizo mpaka nami nimezishika kwa kichwa.

Nataka kukwambia kwa nini nilikasirika. Sababu niliyokupa siku ile haikuwa yenyewe.

Uliposema chuo kimekupatia nafasi ya miaka miwili Japani, nilikimbia sokoni kabla hujamaliza sentensi. Niliwatangazia wauza mchele wote, na wauza dagaa, na yule Mama Tausi wa vitumbua asiyejua kunyamaza: mwanangu anakwenda Tokyo. Tokyo! Ni mimi niliyeitaja, wewe hukuitaja hata mara moja. Siku nne nilitembea soko lile shingo juu kama twiga. Ndipo ukakaa na mimi hapa kibarazani, ukafungua simu, ukanionyesha picha. Milima. Nyumba zenye vigae vyekundu, nusu yake zimefungwa, hazina watu. Treni ya behewa moja, ndani yake vizee watatu. Na majaruba ya mpunga yamepanda mlimani kama ngazi.

"Mkoa unaitwa Shimane," ukasema. "Vijana wote wamehamia mijini, mama. Nitakaa na bibi mmoja ana miaka themanini na kitu, nimsaidie majaruba, na tupokee wageni wanaotaka kuona kule."

"Mpunga?" nikauliza.

"Mpunga."

"Yaani nimeuza mchele miaka ishirini nikusomeshe utoke kwenye tope, wewe unapanda ndege kwenda kwenye tope?"

Ukacheka. Hukujua kwamba sikuwa natania. Ukaendelea kunieleza kwa furaha: ukipata siku za mapumziko utapanda vitreni hivyo uende sehemu ambazo hata Wajapani wengine hawazijui vizuri, Tottori kwenye vilima vya mchanga, visiwa vya Oki, Akita wakati wa theluji. Ukasema Tokyo kila mtu anaijua, wewe unataka kule ambako watu wakifika wanaulizwa umefuata nini. Halafu ukanishika mkono, ukaniuliza: "Mama, utakuja kunitembelea?"

Nikakujibu, "Nije kufanya nini? Hakuna kitu huko."

Niliuona uso wako. Ulizima simu taratibu ukaingia ndani. Mimi nikabaki kibarazani na maneno yale mdomoni, na nikayatambua. Nilishayasema zamani, hayo hayo, neno kwa neno. Ndiyo hadithi ambayo sijamsimulia mtu, hata baba yako anajua kipande tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, napika kwenye gesti moja hapa mjini. Wageni wa mbuga walikuwa wachache, maana wengi wakifika Tanzania wanakwenda kule kwingine kwenye majina makubwa. Ukimtajia mtu wa Dar Katavi, anakuuliza iko nchi hii kweli? Basi akaja mama mmoja wa Kijapani, peke yake, mtu mzima, mfupi, na kofia ya kitambaa imefungwa kidevuni. Tukamwita Bibi Fumi. Kiswahili alikuwa nacho kidogo, cha kuokoteza kwenye kitabu, lakini hakuwa na aibu ya kukitumia. Siku ya kwanza alikwenda kuwaona viboko. Akarudi akasema viboko wazuri, wengi, inatosha. Sisi tukaangaliana. Mtu ametoka Japani, viboko siku moja inatosha?

Jioni ile nilimpa wali. Akala kijiko kimoja akaweka kijiko chini, akaja mpaka jikoni, akaomba aone mchele mkavu. Akauchota mkononi, akaunusa, akauma punje moja kwa jino la mbele, vilevile anavyofanya mnunuzi anayejua kazi. "Wa wapi huu?"

Nikajibu kwa majivuno, "Wa kwetu. Kibaoni. Mama yangu ndiye amelima."

Uso wake ukawaka. Akanieleza, kwa maneno na kwa mikono, kwamba na kwao ni milimani, na mama yake alikuwa mlimaji wa mpunga, majaruba madogo madogo, jingine dogo kiasi kwamba ukivua kofia ukaiweka chini, limefunikwa. Akasema, "Jumamosi, twende kwa mama."

Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa moyo wote, nataka ulijue hilo. Alhamisi nikampata dereva wa lori la mpunga, Mzee Kasian, nikamtuma kwa bibi yako: Jumamosi nakuja na mgeni kutoka Japani.

Bibi yako wewe ulimjua uzeeni. Wakati ule alikuwa moto. Nasikia siku ile ile alikandika sakafu upya, akaazima sahani za kigango cha kanisa, akatwanga mpunga mpya kwa mkono, maana alisema wa mashine haunukii. Jogoo akamfunga mguu kwenye nguzo ya jiko. Akawaambia majirani, mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji mwenyewe ni mimi, nyie mtapona baadaye.

Na mimi huku Ijumaa nikaanza kuharibika. Haikuanza kwa jambo kubwa. Mwenzangu mmoja wa pale gesti, tukiwa tunakunja mashuka, akaniuliza: "Utampeleka mgeni choo kipi? Kile cha majani?" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Lakini kuanzia hapo nikaanza kuitembelea nyumba yetu kichwani kwa macho ya mtu mwingine. Nikaliona paa la nyasi. Nikaona mlango wa mabati uliofungwa na waya. Nikaiona miguu ya mama yangu, visigino vimepasuka kama jaruba la kiangazi. Miguu iliyonilisha, Skola, nikaionea haya.

Jumamosi asubuhi Bibi Fumi alikuwa barazani, amevaa, na kifurushi cha zawadi magotini. Nikatoka nikamwambia, "Barabara imekatika. Mvua."

Ulikuwa mwezi wa sita. Mwezi wa sita, mama! Wakati wa mavuno, mbingu nyeupe, vumbi limejaa hadi kwenye meno. Akainua macho akaangalia juu. Akaniangalia mimi. Akasema, "Pole sana."

Nikaona aibu, nikaongeza na nisichoulizwa: "Hata hivyo hakuna kitu huko."

Akakaa kutwa nzima pale barazani. Sikumtuma mtu kwa bibi yako kumwambia tusingekuja. Ningemtuma aseme nini? Kwa hiyo naye akakaa kutwa nzima kwenye kigoda chake, amevaa kitenge cha Pasaka, anaitazama barabara. Wanawake wawili wanasubiriana, mmoja huku mmoja kule, na anayewazuia ni mimi, nimejificha jikoni nasugua sufuria ambayo ilishang'aa tangu asubuhi.

Jumapili saa nne hivi, lori likapiga honi nje. Mzee Kasian akashuka na hotpoti imefungwa kwenye khanga. Ana sauti ya mnadani yule mzee, hajawahi kunong'ona. "Wewe binti! Mama yako kachinja jogoo kabla ya kengele ya kwanza, kasema kama mgeni amekosa nafasi ya kuja, basi chakula kimfuate. Kulikoni, mbona hamkuja?"

Mwenye gesti akamjibu yeye kabla yangu: "Si mmesema barabara imekatika?"

"Barabara gani? Hii ninayotoka nayo? Vumbi tupu!" Akajipiga mapajani, vumbi likatoka kama moshi. Bibi Fumi alikuwa hatua tatu kutoka hapo, anafunga kamba za viatu, gari lake la kuondoka limeshawashwa. Hakuhitaji kitabu kuelewa. Vumbi halina lugha.

Mzee Kasian akanitazama. Akashusha sauti, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. "Mkataa kwao mtumwa, binti yangu." Akaniwekea hotpoti mikononi.

Laiti angenitukana yule mama ningepumzika. Hakunitukana. Alimwambia dereva wake azime gari. Akaja akaipokea hotpoti kwa mikono miwili, akakaa mkekani, akanawa, akala kwa mkono. Alikula pole pole mpaka akamaliza, akaokota punje moja moja zilizobaki kwenye vidole. Kisha akasimama akaniuliza, "Kibaoni ni upande gani?"

Nikanyoosha kidole.

Akageukia huko. Akaweka mikono mapajani akainama, mgongo umenyooka, akakaa hivyo muda mrefu, anamshukuru mtu asiyemwona. Kuku wanapita miguuni, dereva anatafuta pa kuangalia. Alipoinuka akanipa kile kifurushi nikipeleke, akasema, "Mama yako, mpishi hodari." Basi. Akaondoka. Ndani ya kifurushi mlikuwa na biskuti za mchele, na utingo wa Mzee Kasian akazipeleka Kibaoni, si mimi.

Unajua kosa langu hasa liko wapi? Miaka mingi nilifikiri ni ule uongo. Lakini uongo ni wa asubuhi moja, ningeweza kudandia lori siku ile ile nikaenda kupiga magoti. Kosa ni kwamba nilikaa miezi minne bila kwenda nyumbani. Nilikuwa nasubiri aibu iishe ndipo niende, kumbe aibu ya namna ile haiishi ukiwa mbali, inaota mizizi. Nilipokwenda hatimaye, bibi yako alikuwa anapepeta. Hakuinua macho. Akasema, "Karibu mwanangu, kumbe barabara imepona?"

Basi ikawa wimbo wake. Unaukumbuka? Kila mtu aliyekaribishwa nyumba ile: "Karibuni Krismasi, kama barabara haijakatika." Siku ya harusi yangu aliwaambia ukoo mzima wa baba yako, Wasukuma na fimbo zao, "Mwacheni arudi kunisalimia, kama barabara haijakatika." Wewe ulidhani ni msemo wa Wapimbwe. Uliwahi kuuandika kwenye insha ya shule. Nilikusahihishia hiyo insha nikaenda kulia chooni.

Nilichukua ule utani kama adhabu. Nikawa nacheka mdomoni na kuumia tumboni. Amekufa ndipo nimeelewa kwamba alikuwa amenisamehe tangu pale kwenye ungo, na utani ndio ulikuwa namna yake ya kuniambia. Mtu hakutanii kwa kitu ambacho bado kinamuuma. Na mimi sikumwambia "nisamehe mama" hata siku moja, kwa sababu nilisubiri aulize. Wewe usisubiri kuulizwa. Hilo ndilo pekee nitakalokushikia mkono nikuambie: ukimkosea mtu huko, hata kama hujui neno lake, nenda mapema, nenda na aibu yako hiyo hiyo.

Kuna jingine linalonisumbua nikikumbuka. Siku nne nilimpikia yule mama. Yeye aliniuliza kwetu, akauliza jina la mama, akauliza tunavuna lini. Mimi sikumuuliza kwao ni mkoa gani. Niliona ni Mjapani, inatosha. Labda kwao ni Shimane, labda ni kwingine kabisa, sitajua. Bibi utakayekaa naye, muulize. Muulize mpaka achoke. Na akikwambia mwanangu huku hakuna kitu, majaruba yamebaki na nguruwe pori, vijana wameondoka, usimwamini. Hayo ni maneno ya mtu anayeogopa kwamba mgeni ataona visigino vyake.

Nami nilikulea kwa hayo hayo, ndiyo maana nilikasirika. Nilikupeleka Kibaoni kwa likizo na viatu vyeupe, nikikukataza usiingie jarubani utachafuka. Mkidhani siwaoni, bibi yako anakuvua viatu, anakuvika khanga yake kuukuu, mnakwenda kupandikiza miche, mnakwenda kuamia ndege wasile mpunga, mnarudi amekuosha miguu mpaka kwenye kucha. Nilikuwa naliona tope nyuma ya masikio yako, Skola. Nilinyamaza. Sijui kwa nini nilinyamaza, labda kuna sehemu yangu ilikuwa inafurahi. Kwa hiyo si chuo kilichokutuma Shimane. Aliyekutuma amelala Kibaoni, na umekwenda kumuaga leo bila mimi kwa sababu nilisingizia kichwa. Mara ya pili nimemkimbia mwanamke yule yule, na uongo wenyewe haujapata hata akili mpya.

Nataka useme kwenu ni wapi. Usiseme Dar ili kurahisisha. Sema Kibaoni, na wakikuuliza ndiyo wapi, wachoree. Na nilitaka nikufungie kilo tano za mchele mpya, ukasema uwanja wa ndege hawaruhusu, wataunyang'anya. Haya. Nimeshauchagua, uko kwenye ungo hapa. Mkirudi tutaupika tule wote watatu, na kesho nitakufungia mwingine wa njiani. Ule ulioko tumboni hawawezi kuunyang'anya.

Sasa ile ajenda yenyewe.

Kichwa kilipokuwa "kinapasuka", nilikwenda studio ile ya karibu na stendi ya bodaboda. Mpiga picha akaniambia nivue kilemba, masikio yaonekane, na nisicheke. Akaniuliza, "Mama, pasipoti? Unasafiri?"

"Nakwenda kwa mwanangu."

"Dar?"

"Japani."

"Weee! Tokyo!"

Skola, neno lilikuwa hapa kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa tamu. Watu watatu walikuwa kwenye foleni, na mmojawapo ni Mama Tausi wa vitumbua. Nikasema, "Hapana. Shimane."

"Ndiyo wapi huko?"

Nikamwambia vuta kiti nikueleze. Nikaeleza ile milima, na treni ya behewa moja, na majaruba mpaka lile dogo linalofunikwa na kofia. Mama Tausi akauliza huko kuna nini. Nikamjibu kuna mpunga, na kuna mama wa mtu anasubiri wageni. Akanyamaza. Nakuapia, Mama Tausi amenyamaza, kamuulize.

Ulipouliza kama nitakuja nilikujibu vibaya. Jibu lile lifute. Sijui kama itakuwa mwaka huu au mwakani, sijui hata hizo fomu zinaanzia ofisi gani, lakini nitajua. Picha moja nimeiweka humu ndani ya barua. Nimetoka nimekodoa macho kama nimeona nyoka, usinicheke. Mwonyeshe huyo bibi, mwambie huyu ndiye mama, anakuja.

Kesho asubuhi kabla hujapanda basi nitakutemea maji ya baraka kifuani kama bibi yako alivyonitemea mimi, mbele za watu, na usijifute. Na ukifika huko, asubuhi ya kwanza, kabla hujashika jembe, tafuta Kibaoni ni upande gani, geukia, umsalimie kwa niaba yangu. Mimi nitakwenda mwenyewe Jumapili, nimepanga na gari la saa mbili. Nitapiga yale magoti.

Kumbe kikombe cha maji nimekinywa bila kujua. Nasikia pikipiki mbili zinapunguza mwendo huku kwenye kona, na kicheko cha baba yako. Nakwenda kuwasha moto.

Mwambie bibi wa Shimane jogoo amfunge mguu tu. Barabara haijakatika.

Mama yako